Laptopu yako si uwekezaji: kompyuta, anime na hela, kwa machalii wa Arusha na Moshi

Fundi_wa_Sakina

Wakuu, salama?

Hapa mjini siku hizi kila kitu kinaitwa uwekezaji. Chalii kanunua kadi ya grafiki, "nimewekeza". Mwingine kaagiza sanamu ya mhusika wa anime, zile katuni za Kijapani, "nimewekeza, hizi zinapanda bei". Yupo aliyeniambia bando analoshushia anime ni uwekezaji kwenye lugha ya Kijapani. Huyo nilimpenda, ila hapana.

Uzi ni mrefu. Wavivu wa kusoma piteni kushoto.

Mimi natengeneza kompyuta, naangalia anime, na vihela vinavyobaki navipeleka kwenye hisa na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Watu wananiona kama nina mambo matatu yasiyohusiana. Yanahusiana sana. Kuna kitu unakitumia, kuna kitu kinakulipa, na waliotengeneza hizo katuni zetu wamenifundisha tofauti yake kuliko semina yoyote ya ujasiriamali niliyowahi kukaa nikisubiri chai.

Nianze na mashine, maana ndiko maswali mengi yanakotoka.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa (ubongo wa mashine) ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ofisi za Ulaya na Marekani hazibembelezani na mashine. Za kizazi cha 6 na cha 7 zinatolewa, zinapakiwa, zinatua madukani kwetu zimefutwa vumbi na kubandikwa stika mpya. Pita Sokoine Road uone laptopu za HP EliteBook na Dell Latitude zilivyopangwa hadi mlangoni. Muuzaji anakwambia "hii i7 hii, chuma". i7 ya lini? Soma namba inayofuata: i7-6600U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Ile ya kwanza ina kori mbili, ya pili ina nne. Yaani i5 unayoidharau inaiacha mbali i7 unayouziwa kwa bei ya kujisifia.

Na ukiwa mtu wa anime, hizo namba zinakuuma mara mbili. Dogo mmoja aliniletea laptopu akiapa ina virusi. Muvi za Kibongo zinapita vizuri, anime inakwama kila wahusika wakianza kurushiana makonde. Nikafungua faili lake kwa mpv, programu ya kuchezea video, nikabonyeza herufi i, zikatokea takwimu pembeni: fremu zinazodondoka zinapanda kila sekunde, na kazi yote ya kusoma video imeangukia prosesa. Hakuna kirusi hapo. Faili lilikuwa HEVC (namna ya kubana video) ya biti 10 (biti zaidi, rangi laini zaidi), mashine ni ya kizazi cha 6. Kizazi hicho kina mtambo wa ndani wa kusoma HEVC ya biti 8 tu, ya biti 10 ilianza kukaa sawa kizazi cha 7. Watu wa mafaili ya anime waliikumbatia biti 10 mapema, tangu enzi za H.264, namna ya zamani ya kubana video, kwa sababu kwenye anga na vivuli vya katuni inaondoa ile mistari mibaya ya rangi na faili linabaki dogo. Muvi ya kawaida wala haihitaji. Dogo nikamwambia atafute toleo la biti 8, akaondoka ananiangalia kama nimemnyima dawa. Na kwa wanaokimbilia mafaili ya AV1, namna mpya ya kubana, kuokoa bando: Intel waliweka mtambo wake kizazi cha 11. Chini ya hapo feni italia.

Ukiwa dukani usione haya kukagua. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutolea ripoti. Tazama uwezo wa betri ulivyotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ukikuta umebaki chini ya nusu, bei nayo ishuke. Laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, kwa hiyo soma zote, wajanja huweka ya nyuma nzuri na ya ndani imekufa. Hiyo hiyo T480 ijaribu kuchaji kwa tundu la USB-C, na uone kama inashika. Kulikuwa na tatizo la programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya hayo matundu) lililokuwa linaua matundu hayo, Lenovo wakatoa marekebisho, ila mashine ambayo hakuna aliyeisasisha bado inaweza kukufia mkononi. Halafu iwashe, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine). Ikikudai nywila ya msimamizi na muuzaji akaanza kusema "hiyo haina shida, wala huihitaji", mrudishie mashine yake kwa heshima.

Basi. Ukishalipa, mashine imeanza kushuka bei kabla hujavuka Mnara wa Saa. Ni chombo cha kazi, sawa. Fundi lazima awe na chombo. Lakini kinachoingiza hela hapo ni mikono yako. Ukilala, kimelala.

"Mbona kuna watu kadi zao za grafiki zilikuwa zinawalipa wakiwa wamelala?" Ndiyo, wachimba Ethereum, yaani waliotumia kadi kuthibitisha miamala ya sarafu hiyo ya mtandaoni wakilipwa. Mpaka tarehe 15 Septemba 2022, mtandao ulipobadili namna ya kuthibitisha miamala na uchimbaji wa kadi ukafa siku hiyo hiyo. Kadi hazikuharibika, zilikuwa nzima kabisa. Kilichoondoka ni kanuni iliyokuwa inazilipa, na kanuni iliandikwa na watu wengine. Baada ya hapo soko la mtumba likajaa kadi zilizokosa kazi.

Sasa anime.

Mnajua nani anapata hela anime ikivuma? Wengi mtasema studio. Kwa kawaida, sivyo. Wajapani wana kitu kinaitwa seisaku iinkai, kamati ya uzalishaji. Ichukulie kama kikoba cha matajiri: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni) anaweka fungu, kituo cha televisheni kinaweka fungu, kampuni ya muziki, kampuni ya midoli, kila mmoja na chake. Mzigo ukifeli wanagawana maumivu, ukivuma wanagawana kulingana na walichoweka. Studio inayochora mara nyingi inalipwa ujira wa kazi, inakabidhi, inaenda kutafuta tenda nyingine. Ndiyo maana unasikia anime imetikisa dunia huku vijana walioichora wanalia na kodi ya nyumba Tokyo. Mfumo wenyewe si wa jana. Akira ya mwaka 1988 ilitolewa chini ya kamati yenye jina lake.

Studio zenyewe zimeshaliona. Filamu ya Demon Slayer ya mwaka 2020, Mugen Train, ilivuka yen bilioni 40 kwenye majumba ya sinema ya Japani peke yake, rekodi ya nchi kwa wakati huo. Kamati yake ilikuwa na viti vitatu tu: Aniplex iliyo chini ya Sony, Shueisha wenye manga, na ufotable, yaani wachoraji wenyewe wamekaa mezani. MAPPA wao mwaka 2022 wakaamua kuigharamia Chainsaw Man kwa asilimia 100 bila kamati. Ingefeli, ingewafia wao. Na Sony, Agosti 2021, walimalizana na AT&T kuinunua Crunchyroll, huduma ya kuangalia anime mtandaoni, kwa dola bilioni 1.175. Kwa hiyo yule shabiki anayelipia Crunchyroll kihalali anamchangia mwenye kiti, na mimi sina ugomvi na hilo. Nasema tu ujue hela inakwenda wapi.

Fundi wa Arusha ni studio. Analipwa kazi kwa kazi. Mwezi wa watalii kazi zinajaa, mvua za masika zikianza unafuta vumbi kaunta. Swali langu kwenu machalii: kwenye kila kazi kumi, kuna hata moja ambayo hela yake imeenda kununua kiti mahali?

Viti vipo. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam siku hizi unanunua kwa simu, Hisa Kiganjani, hauhitaji kupanda basi kumfuata dalali. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ipo. Hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) unaanza na milioni moja, na Benki Kuu ina tawi hapa hapa Arusha. Sisemi zote ni tamu. CRDB iliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150, leo ni mara kadhaa ya hapo. Vodacom iliuzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850 na ikakaa miaka chini ya bei hiyo. Soko lile lile, watu wale wale.

Karibuni, ila msinitukanie ThinkPad.

chalii_wa_ngarenaro

Nimeweka kigoda. Mkuu umezunguka weee hujataja bei ya T480 hapa town.

Fundi_wa_Sakina

Laki tano kupanda, na mdomo wako. Ukienda umevaa saa, laki saba.

Mzalendo_halisi

Watu wazima na madevu yao wanajadili katuni. Nchi ngumu sana hii.

Fundi_wa_Sakina

Karibu mzee. Mpira je, ule wa watu ishirini na mbili na ngozi moja?

Meku_2TB

Fundi mimi nakupinga kwenye vifaa. Niko Moshi, hapa Mbuyuni. Mwaka jana nilinunua RAM (kumbukumbu ya kompyuta) za DDR5 za kutosha kwa mashine mbili. Mwisho wa mwaka 2025 bei zikaruka zaidi ya mara mbili, maana viwanda vimegeukia kuhudumia vituo vya akili mnemba. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaifunga kabisa biashara ya Crucial, ile ya wateja wa kawaida kama sisi. Wanaotengeneza hivyo vitu kwa wingi duniani ni watatu, Samsung, SK Hynix na huyo Micron. Sasa niambie hisa gani ya Dar imefanya hivyo kwa muda huo. RAM yangu imenilipa au haijanilipa?

Fundi_wa_Sakina

Meku, RAM yako haijakulipa hata senti, iko ndani ya mashine. Ukiiuza mashine inazima, na ukitaka kuiwasha unanunua nyingine kwa bei mpya. Ungekuwa na boksi kumi stoo ningekuita mfanyabiashara na ningekuvulia kofia, tena hiyo ni biashara halali kabisa, kununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Ila wewe ulibahatika kununua mahitaji yako mapema. Raha yake naijua, nami pia ninazo DDR4 kadhaa nazitazama kwa mahaba.

Ukitaka kukaa upande wa hao watatu, hisa zao zinauzwa Seoul na New York. Huko kuna mlolongo wa madalali wa nje, ubadilishaji wa fedha na kodi, na kwa mtaji wangu wa fundi makato yangenimaliza kabla faida haijaamka.

Meku_2TB

Sawa, nimeinama. Ila 2TB zangu za kuhifadhia anime sizitoi.

Fundi_wa_Sakina

Hizo 2TB ulizipima? Siku hizi flashi na SSD (diski zisizozunguka) za bei ya kutupa zinaandikwa 2TB, ndani kuna GB 64 na programu ya kudanganya. Unajaza anime zako, zinaonekana zote, ukifungua ya katikati ni takataka. Tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux (mfumo wa bure badala ya Windows). Inaandika mpaka ijae, halafu inasoma tena kilichoandikwa. Inachukua muda, acha usiku.

Meku_2TB

...ngoja nirudi.

Mama_Vipande

Mwanangu Fundi, shikamoo unadaiwa, lakini tuendelee. Umeandika kompyuta kurasa nzima, kwenye mifuko ukapita mbio. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Njiro, vipande ninavyo tangu Mfuko wa Umoja ulipoanzishwa mwaka 2005. Vijana wengi wanakosea hapa: wanachanganya mifuko. Hela ya ada ya Januari haikai mfuko wenye hisa. Soko likishuka Desemba utauza kwa hasara au mtoto atabaki nyumbani. Hiyo peleka Ukwasi, ule wa kuingia na kutoka kwa haraka. Ule wa Hatifungani ni kwa anayetaka kupokea gawio kwa vipindi, unafaa sisi wazee. Umoja una hisa ndani yake, ule ni wa kuweka na kusahau. Kabla ya kuchagua mfuko, jiulize hela hiyo utaihitaji lini. Wengi wanaangalia asilimia kwanza.

Na gawio la kampuni zilizoorodheshwa sokoni linakatwa kodi ya zuio asilimia 5, msije mkashangaa mkiona pungufu mkadhani mmeibiwa.

La mwisho. Msiingie makundi ya WhatsApp yanayoahidi asilimia kwa siku. Mwaka 2009 DECI, wale wa upatu, walikuwa wanawaambia watu wapande mbegu wavune. Nawajua walimu wenzangu waliouza ng'ombe kupanda hizo mbegu.

Fundi_wa_Sakina

Shikamoo mama, nimekosa adabu. Hapo kwenye hela utaihitaji lini ndipo pa kuanzia, uzi wangu ungeanzia hapo. Wakuu, msome mama mara mbili.

chalii_wa_ngarenaro

Shikamoo mama. Kwa hiyo kwenye simu naanza na ngapi?

Mama_Vipande

Marahaba. Anza na ile unayonunulia bando la kuangalia hao mashujaa wa Fundi.

Kibo_Terminal

Fundi umesema Japani, basi tumalize Japani. Tarehe 29 Desemba 1989 Nikkei 225, kipimo cha bei za hisa za Tokyo, ilifunga 38,915.87. Ilikuja kuivuka rekodi hiyo tarehe 22 Februari 2024. Miaka 34. Aliyeingia kileleni akiwa na miaka 30 kaja kuona bei ile ile akiwa na 64. Hii habari ya "nunua kiti ukae" mnayowahubiria machalii ina shimo hilo. Na soko letu ni dogo kuliko la Tokyo, kuna hisa unaweka oda ya kuuza unasubiri wiki hakuna mnunuzi. Mimi nina kihamba cha mzee Kibosho, kahawa na migomba, na hakuna skrini inayoniambia leo kimeshuka.

Fundi_wa_Sakina

Hoja nzito, na namba zako ni sahihi. Nikujibu kwa namna mbili.

Kwanza, yule wa 1989 aliyeumia sana ni aliyeweka yote siku moja kileleni. Aliyeweka kidogo kidogo kila mwezi alinunua pia kwenye yale mashimo ya mwaka 2003 na 2009, bei zikiwa chini ya robo ya kilele, na hakusubiri 2024 kuona faida. Gawio nalo halimo kwenye hiyo namba. Fundi hana mamilioni ya kuweka siku moja hata akitaka, kwa hiyo umaskini wetu hapo umetusaidia.

Pili, nakubali kuhusu udogo wa soko. Hisa zenye wanunuzi kila siku Dar zinahesabika kwa vidole, benki kubwa mbili zikiwa mbele. Usiweke kwenye hisa iliyolala hela unayoweza kuihitaji ukiuguliwa.

Kihamba sikigusi. Ila usiseme hakina skrini. Bei ya kahawa inapangwa New York na London, ni basi tu huitazami.

Kibo_Terminal

Hahaha. Migomba haipangwi London lakini.

Fundi_wa_Sakina

Migomba nimeshindwa.

Lain_wa_Tengeru

Mimi nataka kujua Linux. Nina ThinkPad T450, Windows 11 inakataa, nisome chuo nayo au niiuze?

Fundi_wa_Sakina

Usiuze, utapewa hela ya chipsi. T450 ni kizazi cha 5. Weka SSD kama bado ina diski ya kuzunguka, ongeza RAM ifike 8 au 16, tia Linux Mint. Kuandika, kusoma PDF, programu za Python, vyote vinaenda. Kama chuo chenu kina mtihani unaolazimisha programu ya Windows, uliza mapema kabla hujafuta. Anime chukua H.264 ya biti 8, utaishi.

Mzazi_Majengo

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Niko Moshi, Majengo. Binti yangu yuko kidato cha tatu, daftari la jiografia limejaa hao watu wenye macho makubwa. Anachora vizuri kwa kweli. Mama yake anataka tumkataze, mimi nawaza nimnunulie kompyuta. Sitaki aishie kuwa huyo mchoraji wa Tokyo anayelia kodi ya nyumba. Mnanishauri nini?

Fundi_wa_Sakina

Mzazi, usimkataze. Daftari la jiografia mnunulie jingine.

Programu hazitakugharimu kitu. Krita ni bure, ya kuchorea. OpenToonz ni bure tangu Machi 2016, na imetokana na Toonz, ile ile iliyotumiwa na Studio Ghibli, kwa hiyo asije akakwambia hana vifaa kama vyao. Blender nayo bure, ina kalamu ya kuchora katuni ndani yake, ila hiyo isubiri mashine yenye nguvu. Mashine: kizazi cha 8, RAM 16, SSD, na kioo cha IPS chenye 1920 kwa 1080. Hicho kioo usikubali kushushwa. Vile vya 1366 vya TN rangi zinabadilika ukiinamisha kichwa, atakuwa anapaka asichokiona. Halafu bamba la kuchorea lenye kalamu, dogo tu, lisilo na kioo. La Wacom la mtumba linatosha, hakikisha kalamu yake ipo na inalingana nalo, maana wanauza bamba bila kalamu na kalamu za matoleo tofauti haziingiliani.

Kuhusu kodi ya nyumba Tokyo: atakachokichora ahifadhi mafaili yake ya asili, na siku mtu akija kutaka kukinunua, asisaini kabla hujasoma kama ananunua mchoro au ananunua mhusika.

Mzazi_Majengo

Hapo kwenye mhusika sijaelewa.

Mama_Vipande

Baba, mchoro ni lile embe. Mhusika ni mwembe. Na hiyo kompyuta mnunulie baada ya matokeo ya muhula.

Meku_2TB

Nimerudi. Ni GB 58.